Trekta la zamani linakosa dizeli: pampu ya injekta iguswe mwisho

Trekta likikosa nguvu, likizima katikati ya mstari wa kulima au likikataa kuwaka asubuhi, wengi hukimbilia pampu ya injekta, ile inayosukuma dizeli kwa nguvu kwenda kwenye silinda. Hicho ndicho kifaa cha gharama kubwa kuliko vyote kwenye mfumo wa mafuta, na mara nyingi hakina kosa lolote. Inauma kuona pampu nzima imefunguliwa juu ya gunia lenye vumbi, kumbe tatizo lilikuwa tundu la mfuniko wa tangi.

Maelezo haya yanafuata injini ya Perkins AD3.152 ya silinda 3, ile ya Massey Ferguson 135, yenye pampu ya injekta ya kampuni ya CAV, aina ya DPA. Kwenye matrekta mengine ya rika hilo skrubu zinaweza kukaa mahali tofauti, lakini safari ya dizeli ni ile ile: tangi, koki, lifti pampu (pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka tangini), chujio, pampu ya injekta, nozeli (inayopuliza dizeli ndani ya silinda). Ifuate kwa mpangilio huo, na usiruke hatua.

Kabla ya kushika spana, piga starta huku mwenzako akitazama bomba la moshi. Moshi mweupe ukitoka, dizeli inafika kwenye silinda ila haiungui, kwa hiyo shida iko kwingine. Moshi usipotoka kabisa, dizeli haifiki. Hapo angalia kwanza waya wa kuzimia, ule unaovutwa kwa kitufe ili kuzima injini. Waya ukikwama, kitufe kitarudi mahali pake lakini kile kimkono kilichoko kwenye pampu kitabaki kwenye kuzima. Kague kimkono chenyewe, usiamini kitufe.

Sasa tangi. Trekta linalofanya kazi vizuri dakika 20 au 30, likafifia na kuzima, kisha likawaka tena baada ya kupumzika, mara nyingi limeziba tundu la hewa kwenye mfuniko. Lifungue mfuniko papo hapo linapozima. Ukisikia hewa ikifyonzwa ndani, umepata jibu. Kama si mfuniko, fungua bomba chini ya koki na ukinge dizeli kwenye chupa safi ya kioo. Usiridhike na mtiririko wa sekunde tatu. Acha nusu lita nzima ishuke, kwa sababu kutu na ule utando mweusi unaoteleza huchukua muda kukusanyika juu ya wavu wa koki. Ikianza kwa nguvu kisha ikawa uzi mwembamba, wavu umeziba. Kupuliza kwa pampu ya baiskeli kutafungua njia kwa siku moja tu, maana uchafu umerudi tangini ulikotoka. Mwaga dizeli yote, toa koki, osha tangi. Ile chupa nayo iache itulie: maji yakiwepo yatakaa chini na utaona mstari kati yake na dizeli.

Lifti pampu ina kimkono cha kupampu kwa mkono. Ukikuta kimelegea hakina uzito, usiihukumu pampu. Yawezekana kemshafti, yaani mhimili wa injini unaoiendesha pampu hiyo, imesimama ikiwa imeisukuma hadi mwisho. Zungusha injini mzunguko mmoja kamili, ujaribu tena. Fungua bomba la kutokea na upampu: kila mvuto urushe dizeli kwa nguvu. Ikitoka kwa kusuasua ilhali tangi linatiririsha vizuri, vali au kiwambo cha mpira kimechoka. Chomoa na kijiti cha oili uone. Kiwambo kikichanika, dizeli huweza kushukia kwenye oili: kiwango kinapanda, oili inakuwa nyepesi na inanuka dizeli. Ukikuta hivyo usiwashe injini hata kidogo, kwani oili iliyochanganyika na dizeli inakula bearing. Badili kiwambo, kisha mwaga oili uweke mpya.

Tatizo linalowachosha mafundi wengi ni upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye njia ya dizeli. Baada ya lifti pampu mafuta yanasukumwa, kwa hiyo kiungo kibovu kitavuja nje na utakiona kimelowa. Kabla ya lifti pampu mafuta yanavutwa, na kiungo kibovu kinaweza kuwa kikavu kabisa huku kikiingiza hewa. Ndiyo maana mtu anatoa upepo asubuhi, jioni umerudi, na haoni hata tone. Pale tangi lilipo juu ya injini, hali hii huzidi mafuta yakipungua au koki ikianza kuziba.

Njia ya kuukamata ni hii. Weka kipande cha mpira wa plastiki unaoonyesha kati ya lifti pampu na chujio, ukibane kwa klipu, kisha uwashe injini. Viputo vikipita mfululizo, chukua dumu safi la lita 5, liinue juu kidogo ya injini, na mpira wake uingize moja kwa moja kwenye tundu la kuvutia la lifti pampu. Viputo vikiisha, kosa liko kati ya tangi na hapo: mpira uliopasuka chini ya klipu, au bomba lililotoboka kwa kusuguana na chuma. Visipoisha, kagua lifti pampu yenyewe.

Kwenye chujio la CAV, kosa la kawaida hufanyika siku ya kulibadili. Oringi (pete ya mpira ya kuzibia) ya zamani hubaki imeganda kwenye kichwa, mpya ikawekwa juu yake. Pitisha kidole ndani ya mfereji kabla hujafunga, na usisahau ile oringi ndogo ya boliti ya katikati. Washa za shaba, zile pete bapa za kuzibia viungo, zikiwa zimekandamizwa zibadilishwe. Ukikosa mpya, zipashe moto hadi ziwe nyekundu uzichovye majini. Zitalainika na kuziba tena.

Ukimaliza, toa upepo. Kitufe cha kuzimia kiwe kwenye kuwasha na mkono wa mafuta uvutwe hadi mwisho. Legeza skrubu ya kichwa cha chujio, pampu hadi dizeli itoke bila povu, kisha ifunge huku bado unapampu. Fuata skrubu ya ubavuni mwa pampu ya injekta, halafu ile ya juu kwenye nyumba ya gavana (sehemu ya pampu hiyo inayodhibiti kasi ya injini), kwa namna ile ile. Mwisho legeza nati mbili za mabomba kwenye nozeli na upige starta, isizidi sekunde 15 kwa mara moja, kisha ipumzike. Dizeli ikitoka kwa kuruka bila viputo, kaza na uwashe. Spana ziwe za inchi na zikae sawasawa. Nati hizi zikiliwa pembe, kuzifungua tena ni mateso.

Usitafute mvujo wa mabomba ya nozeli kwa mkono. Mafuta hapo yana mgandamizo wa kupenya ngozi, na jeraha lake ni la hospitali siku hiyo hiyo hata kama linaonekana tundu dogo tu. Tumia kipande cha kadibodi.

Likiwaka lakini likimisi, yaani silinda moja haichomi, legeza nati za nozeli moja baada ya nyingine injini ikiwa sailensa (ikizunguka polepole bila kuongezewa mafuta), ukiwa umevaa miwani na umefunika nati kwa kitambaa kinene. Ile ambayo ukiilegeza mlio haubadiliki, silinda yake haifanyi kazi. Hamisha nozeli hiyo kwenye silinda nyingine. Kosa likihama nayo, nozeli ndiyo mbovu.

Dizeli ikiwa inafika kwenye pampu ya injekta kwa nguvu, safi, bila kiputo, kimkono cha kuzimia kiko huru, na bado hakuna kinachotoka kwenye mabomba ya nozeli, hapo pampu inastahili kufunguliwa. Trekta lililokaa muda mrefu bila kuwashwa huganda vali yake ya kupima mafuta. Pampu ipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kuipima, na kabla ya kuitoa weka alama mahali flanji yake inapokutana na injini.