Agrovet kumi na moja, kanisa la watu kumi na wawili, na traka ya kampuni

Saa 10 na nusu alfajiri

Alamu imelia mara ya tatu ndio nikaamka. Niko Kinoo, nje giza, na ile baridi ya Julai inapita chini ya mlango kama mtu aliyealikwa. Probox, gari langu la kazi, niliipakia jana jioni: katoni za dawa ya minyoo, dawa za kupe, chumvi ya ng'ombe, na pakiti kadhaa za unga wa utitiri wa kuku. Kwa wale hawajui, kazi yangu ni kuzungusha dawa za mifugo kwa maagrovet, yale maduka ya dawa na vifaa vya wakulima, kuanzia Naivasha mpaka Molo, kila wiki mbili, siku mbili barabarani, halafu nirudi ofisini nikagombane na watu wa invoisi.

Kitu kimoja niseme mapema. Mwaka jana ofisi iliweka traka, kile kifaa cha kuonyesha gari liko wapi, kwa magari yote, na ukisimama mahali hapana mteja zaidi ya dakika ishirini, madam anayesimamia magari anakutumia alama ya kuuliza kwa WhatsApp, bila salamu bila nini, "?" tu. Ukiiona moyo unaruka hata kama ulikuwa umesimama kujisaidia.

Saa 12 na robo

Nashuka eskapmenti kwa barabara ya chini, ya Mai Mahiu, malori yamepanga foleni mbele yangu na bonde lote liko kwa ukungu. Karibu umalize mteremko, kuna kanisa dogo kando ya barabara, dogo kiasi kwamba ukiwa unaovateki hulioni. Hapo ndipo huu ugonjwa wangu wa kusimama mahali pa historia ulianzia. Miaka mitatu iliyopita breki zilianza kunuka nikishuka, nikaweka gari kando zipoe, sina la kufanya, nikatembea mpaka pale nikijua ni kibanda cha walinzi. Kumbe lilijengwa 1942 na mateka wa vita wa Italia, wale Waingereza walishika Ethiopia wakaletwa huku kuchonga hii barabara tunayolaani kila siku. Wakichoka na mawe ya barabara wakabeba mengine wakajijengea mahali pa kuombea. Ndani ukiweka watu kumi na wawili mmeshajaa, na padri asimame wima.

Kilichoniuma siku hiyo ni kwamba nilikuwa nimepita hapo labda mara mia mbili. Mia mbili bwana. Ndio nikajiwekea sheria yangu, kila safari nisimame mahali pamoja pale nimekuwa nikipita tu, na niandike kwa simu. Leo pale kanisani nimesimama dakika nne, mlango umefungwa, nikachungulia, nikaenda. Sio siku yake.

Saa 2 mpaka saa 4

Naivasha. Sitawachosha na hii sehemu. Agrovet nne, moja imelipa keshi, mbili zimesema "njoo wiki ijayo," na ya nne mzee mwenye duka amenieleza kuhusu goti lake kwa nusu saa ndio akaagiza chupa mbili. Chai na mandazi mawili.

Saa 5 kasorobo

Gilgil, duka la kwanza sawa, la pili limefungwa na karatasi mlangoni, wameenda mazishi. Nikajikuta na saa nzima haina kazi. Unatoka Gilgil unaelekea Elmenteita, kuna kibao cha makumbusho ya Kariandusi ambacho nimekisoma miaka minane, najua hata rangi yake ilivyofifia, na sijawahi kukata kona. Leo nikakata.

Pale getini hakuna gari hata moja. Kulipa ni kwa simu, na pesa yenyewe ni ya sahani ya chakula tu. Akatoka dada mmoja na sweta ya kazi.

"Karibu mkubwa. Uko pekee yako?"

"Niko mimi na Probox."

Akacheka akachukua funguo. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuona chumba kimoja na picha za kufifia, na chumba kweli kipo, lakini shughuli yenyewe iko nje. Unashuka njia ya udongo mpaka kwa mashimo aliyochimba Louis Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, na wenzake kuanzia miaka ya mwisho ya 1920, wamejenga paa juu, na shoka za mawe zimeachwa pale pale zilipopatikana. Hazijawekwa kwa kabati, ziko chini kwa mchanga, nyingi, zimelala kama viazi vilivyoachwa shambani baada ya kuvuna. Nyingine ni za lile jiwe jeusi linalong'aa kama chupa ya bia iliyovunjika, jiwe la volkano, na dada akaniambia makali yake yanapasua ngozi ya mnyama bila shida. Umri wake, kati ya miaka laki saba na milioni moja. Nikamuuliza mara mbili kama ni laki ama elfu. Ni laki.

Alinionyesha vile shoka linashikwa, upande mmoja umeachwa mnene uingie kwa kiganja na ule mwingine umechongwa, na ukipima kwa hewa mkono unajua wenyewe. Mtu alikaa hapo akagonga jiwe kwa jiwe mpaka likamtosha mkono, halafu akaliacha, labda alikuwa na lingine nzuri zaidi. Mimi nina bisibisi ya gari nimepoteza tangu Machi.

Halafu akanipeleka kwa kitu ambacho sikukitarajia kabisa, machimbo ya dayatomaiti jirani, ukuta mweupe pee kama mtu amemwaga unga wa ngano mlima mzima. Zamani ziwa lilifika mpaka huku juu, Nakuru na Elmenteita yakiwa maji mamoja, na huo weupe ni magamba ya viumbe vya majini vidogo visivyoonekana kwa macho, vilikufa vikazama vikalundikana miaka na miaka. Nikaokota kidonge, chepesi kama biskuti. Akasema unatumika kwa filta, kwa rangi, na kuua wadudu.

Hapo nikasimama. "Wadudu kama utitiri wa kuku?"

"Hata huo."

Jamani. Nimeuza unga wa aina hiyo miaka sita, kwa buti ya gari nina pakiti kumi na mbili, nawaelezea kina mama jinsi ya kuunyunyiza kwa viota, na sikuwahi kujiuliza ni kitu gani. Nilikimbia kwa gari nikatoa pakiti moja nikamwonyesha, tukasoma nyuma pamoja, na kweli dayatomaiti imeandikwa, kwa herufi ndogo kama za mkataba. Nikamwachia, nyumbani ana kuku.

Simu ikatetemeka. "?"

Nikaangalia saa, dakika arobaini na tatu. Sikujibu, nikawasha gari.

Saa 7 na nusu

Nakuru, chapo na madondo kwa kibanda, dakika kumi, halafu maduka mawili ya haraka. Duka la tatu mwenyewe anarudi saa 9. Sasa hapo nikakosa adabu kabisa nikarudi nyuma kidogo barabara ya Nairobi mpaka Hyrax Hill, manake nikishafokewa kwa moja si afadhali nifokewe kwa mbili.

Hapa mwaka jana nilikuja nikiwa na haraka, na kuna kitu nilikuwa nimeachia njiani. Makumbusho yenyewe ni nyumba ya zamani ya mzungu mkulima, vyumba vichache, mbao zinalia ukitembea. Kilima kimeitwa hivyo kwa sababu ya pimbi, hyrax kwa Kiingereza, waliokuwa wakijaa kwa mawe. Mary Leakey, mke wa yule Louis, alichimba hapa 1937 na 1938, akakuta makaburi, makazi ya watu wa nyakati tofauti, na yale mashimo wanaita ya Wasirikwa, wafugaji wa zamani, ambayo yalikuwa maboma ya ng'ombe yaliyochimbwa kuingia chini. Kwa upande wa kazi yangu hiyo ni boma la kwanza nimeona ambalo sijajaribu kuliuzia dawa ya kupe. Na jambo lingine nililipenda, kwa makaburi ya zamani zaidi wanawake ndio walizikwa na vyombo vya mawe, mabakuli na vya kusagia, wanaume wakazikwa mikono mitupu. Kijana anayezungusha wageni amesema watu wanabishana sana juu ya maana yake, kila kundi likija lina jibu lake, kina mama wakisema ni heshima na wazee wakisema ni kazi hata kaburini.

Lakini nilichokuja kuona ni bao. Ukipanda njia ya kilima kuna mawe yamechongwa mashimo, safu mbili, kama tu bao la mbao, ila hili haliwezi kubebwa na mtu. Guka wangu, yaani babu, alinifunza giuthi, bao la Wakikuyu, chini ya mti wa parachichi, tulikuwa tunachimba mashimo kwa udongo na kijiko cha shosho na shosho akilia kijiko chake, na sheria ya guka ilikuwa aliyeshindwa anachota maji. Nilichota maji utoto wangu wote. Alikuwa akihesabu mbegu kwa macho kabla hajazishika, wewe bado unawaza yeye ameshajua itaishia wapi, halafu anakuangalia tu anangoja ujikoroge.

Nikaweka kidole kwa shimo moja. Ni laini ndani, laini kabisa, kama sahani. Jiwe haliwi hivyo kwa mchezo wa wiki moja. Kijana akaniuliza kama najua kucheza, nikasema najua kushindwa. Tulikaa pale kidogo tukiangalia ziwa Nakuru huko chini, hatukuongea sana.

Kwa kitabu cha wageni jina la mwisho lilikuwa la juzi, shule fulani, watoto arobaini na mbili na walimu watatu. Juu yake, siku mbili nyuma, Wadachi wawili. Nikageuza kurasa kutafuta langu la mwaka jana, nikalipata, mwandiko mbaya, na mahali pa "maoni" nilikuwa nimeandika "poa." Aibu. Leo nimeandika mistari mitatu.

Saa 10 jioni

Njoro. Duka la mwisho ni la mama mmoja mcheshi ambaye hanunui kabla hajakuambia habari za mtaa. Nikamwambia nataka kupitia kwa ngome ya Lord Egerton nikirudi mjini, akapiga kofi. "Kwa yule aliyekataa wanawake! Angekuja hapa kununua dawa ya ng'ombe ningemwambia arudi na mkewe."

Hadithi yenyewe wengi mnaijua nusu. Maurice Egerton, bwana mkubwa wa Uingereza, alianza kujenga 1938, vita ikamkatiza, akamaliza 1954, vyumba 52. Inasemekana kulikuwa na mwanamke aliyempenda, na nyumba yake ya kwanza huyo mwanamke aliiangalia akaifananisha na banda la kuku, ndio mzee akaamua kujenga kasri, na hata kasri likakataliwa. Baada ya hapo hakutaka mwanamke yeyote akanyage kwake. Akakaa humo miaka michache, akafa 1958. Kuna ukumbi wa kucheza dansi na kinanda kikubwa cha mabomba ukutani, na mimi nilichofikiria pale ni nani alikuwa akicheza na nani. Ila nisimseme vibaya tu, shule ya kilimo aliyoanzisha 1939 ndio leo ni Chuo Kikuu cha Egerton, na nusu ya maofisa wa mifugo wanaonisaidia kuuza wamepitia hapo.

Sasa chekeni. Nimefika nikakuta bibi harusi. Nyasi ina maji, mvua ilinyesha mchana, na yeye ameinua gauni mpaka magotini na chini amevaa gambuti nyeusi, mpiga picha akimwambia ashushe akisimama kwa ngazi ya mlango mkuu. Nyuma yake mashangazi kama kumi na wawili wakipiga vigelegele, mmoja amekaa kwa ukuta amevua viatu akisugua miguu. Nikakaa kwa gari nikawaangalia tu, hata sikuingia ndani tena.

Simu. "??" Zimekuwa mbili.

Saa 2 usiku

Lojing'i mjini Nakuru, kitanda kinalia upande mmoja, kesho ni Molo. Nahesabu keshi, napanga deliveri noti, na nimekuwa nikitunga maelezo kichwani tangu saa kumi na moja, mara tairi, mara polisi. Madam akapiga mwenyewe kabla sijamaliza kutunga.

"Kariandusi kuna agrovet gani?"

Nikaona uongo utanichosha bure. Nikamwambia ukweli wote, shoka, ule ukuta mweupe, unga wa utitiri, bao, mpaka gambuti ya bibi harusi. Kimya. Nikasikia televisheni yao na mtoto akiuliza kitu.

"Hizo shoka unaweza kuzishika?"

"Ukiwa na mwelekezi atakuonyesha moja."

"Na mtoto wa darasa la nne anaingia pesa ngapi?"

"Kidogo tu, madam."

Kimya tena. "Basi nitumie lokesheni."

"Madam," nikamwambia, "si unayo hapo kwa kompyuta yako."