Herufi Zinazosafiri Hadi Frankfurt

Jumapili, saa nne usiku. Mvua imerudi hapa Umoja, Nairobi, na mabati ya jirani yanapiga kelele, lakini mimi nimetulia. Leo nimeandika saa tatu mfululizo bila kungojea herufi hata moja. Acha niandike nilivyofika hapa, machungu yake yangali mabichi.

Kazi yangu ni kusafisha takwimu za mvua. Mafaili yote yamo katika seva, kompyuta ya mbali iliyoko Frankfurt, Ujerumani, nami huyashughulikia kwa Emacs, kihariri (programu ya kuandikia) nilichokizoea tangu chuoni. Nakitaka katika dirisha lake lenye rangi na herufi kubwa, maana macho yangu hayaiwezi tena skrini nyeusi yenye maandishi membamba. Kwa hiyo miezi yote hii nimekuwa nikikiwasha kule kule kwenye seva, halafu dirisha lake linaletwa kwenye kipakatalishi changu kupitia SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali.

Inakuwa hivi. Unaandika "wastani". Inatokea w, inatokea a, kisha kimya. Unatazama. Halafu herufi tano zilizobaki zinamwagika kwa mpigo. Umekosea neno, unashikilia kitufe cha kufuta, hakuna kinachofutika, unakiachilia, na hapo ndipo mstari mzima wa juu unapotoweka mbele ya macho yako. Mwezi uliopita nilifuta hivyo sehemu ya fomula ya kujaza siku zisizo na vipimo. Niligundua kesho yake, jedwali lilipoonyesha Aprili nzima bila tone la mvua. Aprili! Nilikaa kitini nikihisi koo limenikauka. Na kuna hasara isiyoonekana kwenye jedwali: wazo linakuja likiwa moto, na unapongojea skrini ikufikie, wazo lenyewe limeshaondoka.

Nikadhani dawa ni intaneti kubwa zaidi. Nikachukua kifurushi cha bei karibu mara mbili ya kile cha kwanza. Video zikafunguka upesi ajabu. Emacs ikabaki pale pale.

Ndipo nikampigia mwalimu wangu wa zamani, mzee wa Lamu ambaye amekaa South B miaka mingi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imechoka?"

Nikamweleza yote. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Umenunua upana wa njia. Urefu wake umeupima?"

Sikuwa nimeupima. Nikapima tukiwa bado kwenye simu: milisekunde 160, yaani karibu sehemu moja ya sita ya sekunde, kwenda na kurudi.

"Basi ugonjwa ndio huo. Barabara ya Mombasa hata ukiipanua ipitishe malori kumi sambamba, Mombasa haisogei."

Yeye aliyajua haya kwa kuyaishi. Kabla ya kebo za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilitegemea setilaiti zilizo juu karibu kilomita 36,000, na swali moja kwenda na kurudi na jibu lilikula nusu sekunde hivi. Sasa tuna faiba, nyuzi za kioo ambamo mwanga hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Lakini kutoka hapa hadi Frankfurt, hata ukinyoosha mstari kama ndege, ni zaidi ya kilomita 6,000, na kebo hainyooki hivyo. Inashuka pwani, inaingia baharini, inazunguka. Hakuna kifurushi kitakachoiondoa safari hiyo.

Na mfumo unaoleta dirisha, X, una maswali mengi. Ulianza katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984, na toleo la 11 tunalotumia hadi leo ni la 1987. Nyumbani kwake ni mtandao wa jengo moja, ambako jibu liko chumba cha pili. Programu inauliza skrini jambo, inangoja, inauliza jingine. Tuseme kufungua menyu kunahitaji maswali 30 yanayofuatana: kwa milisekunde 160 kila moja, ni karibu sekunde 5.

Mwanzoni nilitafuta nafuu papo hapo. Tangu toleo la 26, Emacs huchora kwanza mahali palipofichwa, kisha hubandika picha nzima ili skrini isimetemete. Kwenye mashine ya mezani ni jambo zuri, kwa mbali ni mzigo, kwa hiyo nikalizima kwa `inhibit-double-buffering`. Nikazima kupepesa kwa kishale, kwani kila nusu sekunde kilikuwa kinachorwa upya kutoka Ujerumani. Nikaongeza `-C` ili SSH ibane data. Herufi zikaanza kuja kwa utaratibu zaidi, ila kuja bado zilikuwa zinakuja.

Mosh nayo, programu nyingine ya kuingilia seva ya mbali, niliijaribu. Naiheshimu sana: inabashiri herufi yako na kuionyesha kabla jibu halijarudi. Ila inabeba maandishi tu, dirisha haibebi.

Mwalimu ndiye aliyesema, "Kihariri kikae nyumbani, mwanangu. Faili ndiyo isafiri." Emacs inayo TRAMP, sehemu yake ya kufungua mafaili ya mbali, kwa kazi hiyo hiyo, na miaka yote nilikuwa naipita. Sasa Emacs iko hapa mezani. Faili inakuja mara moja ninapoifungua, na inarudi ninapohifadhi. Siku ya kwanza ilikuwa nzito hata hivyo, kwa kuwa kila faili iliyofunguliwa ilituma huko mbali maswali ya Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili. Nikayazima kwa mafaili ya mbali, nikaweka `ControlPersist` ili njia ya SSH isifungwe na kufunguliwa upya kila mara. Hesabu kubwa na utafutaji ndani ya mafaili yote naviacha vifanyike Frankfurt, nipate majibu tu.

Saa moja jioni stima ilipotea mtaa mzima, na wai-fai ikaenda nayo. Zamani dirisha lingekufa pale pale na kila ambacho sikukihifadhi. Leo nimeendelea kuandika gizani kwa mwanga wa skrini, betri ikiwa asilimia 60, nikirekebisha ile fomula ya Aprili. Stima iliporudi nilihifadhi. Ilichukua sekunde mbili hivi. Nikamtumia mwalimu ujumbe, naye akajibu kwa kuuliza kama huku Umoja mvua ni kubwa.