Umegusa Nini? Siku Moja Gerejini Nakuru

Saa 11:40 alfajiri

Kabla sijashika mswaki nimeshasikiliza injini tatu. Wateja wa siku hizi hawaandiki, wanatuma sauti. Mtu anafungua boneti gizani, anasogeza simu karibu na mkanda, anarekodi sekunde ishirini, kisha anamalizia: "Fundi, hiyo ni nini?" Jogoo wa jirani yake anasikika vizuri kuliko injini. Mimi naishi Free Area, baridi ya Menengai bado imesimama mlangoni, na nimejifunza kutojibu kabla ya chai. Ukisema tu "huenda ni mkanda", ikifika saa mbili mtu ameshanunua mkanda na ameshautoa ule wa zamani kwa kisu cha jikoni.

Saa 1:20 asubuhi

Gereji yetu iko upande wa Industrial Area. Mabati, sakafu iliyokunywa oili miaka mingi, shimo moja la kuingia chini ya gari, na kijana wangu anayefika mapema kupanga spana kwa namba. Namba kumi tunazo nne, kwa sababu ndiyo inayopotea.

Mteja wa kwanza ameshafika. Ni mhasibu, shati limenyooshwa, Fielder safi kuliko sahani zangu. Namuuliza swali ninalomuuliza kila mtu, hata kabla ya kuuliza gari lina shida gani.

"Umegusa nini, bosi?"

"Sijagusa kitu, fundi. Taa ya injini tu imewaka."

Watu hudhani mafundi tunawacheka wanaojitengenezea magari. Mimi sicheki. Nami nilianzia kwa kuvunja pikipiki ya mjomba wangu bila ruhusa. Anayenichosha ni anayeficha. Ni kama mgonjwa aliyekunywa mitishamba wiki nzima, halafu akifika kwa daktari anaapa hajatumia dawa yoyote. Daktari anaanza kutafuta ugonjwa ambao haupo.

Huyu ana kifaa kidogo cha kusoma hitilafu, kile cha kuchomeka chini ya dashibodi na kuunganisha na simu. Kilimwandikia namba ya hitilafu, P0171. Akatafuta video, video ikamwonyesha sensa ya oksijeni, akanunua moja kwa 6,500 na kuifunga mwenyewe Jumamosi. Aliifunga vizuri, hilo lazima niseme. Jumatatu taa ikarudi. Akabadilisha plagi. Taa ikarudi.

"Gari inasema ni sensa," ananiambia.

"Gari haijasema sensa. Imesema hewa ni nyingi kuliko petroli. Sensa ndiyo iliyopeleka habari, na wewe umemfukuza kazi mleta habari."

Nachomeka mashine yangu, lakini sisomi namba ya hitilafu, hiyo tunaijua. Naangalia kompyuta ya gari inaongeza petroli kiasi gani ili kufidia ile hewa. Injini ikinguruma polepole bila kukanyagwa, inaongeza asilimia 28. Namwambia kijana akanyage hadi mizunguko 2,500 kwa dakika: inashuka hadi 6. Hapo nusu ya kazi imekwisha. Kama pampu ya petroli ingekuwa imechoka, hali ingekuwa mbaya zaidi unapokanyaga, kwa sababu ndipo petroli nyingi inapohitajika. Hii inakuwa mbaya injini ikitulia, wakati mvuto ndani ya manifoldi, mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini, ni mkubwa. Kuna tundu mahali, na injini inanyonya hewa ambayo sensa nyingine, ile ya kupima hewa inayoingia, haikuihesabu.

Nachukua mkebe wa dawa ya kusafishia kabureta, kijana anasogeza mtungi wa kuzimia moto karibu, napuliza kidogo kidogo kwenye viungo vya mipira nikiwa mbali na eksosi. Kwenye throto, ule mlango wa hewa ya injini, kimya. Kwenye gasketi ya manifoldi, kimya. Napuliza nyuma, chini ya mpira unaorudisha moshi wa injini kutoka kwenye kifuniko cha vali. Injini inabadilisha sauti papo hapo, kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni. Napitisha kidole upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Mpira umekuwa mgumu kama biskuti, na una ufa unaoingia ukucha.

"Huu mpira mtu ameukunja," nasema.

Mhasibu anaangalia viatu vyake. "Kabla ya taa kuwaka, nilisafisha throto. Nilisafisha tu."

Ile "tu" ndiyo ningeitaka saa 1:20. Mpira uliopikwa na joto la injini kwa miaka kumi ukiukunja lazima upasuke. Ningeanzia hapo na angekuwa kazini saa mbili. Mpira 450, kazi 1,500. Akalipa, lakini akanung'unika kwamba kazi yenyewe ilikuwa ya dakika arobaini. Sikubishana naye. Nilimwambia tu ile sensa ya zamani asiitupe, ilikuwa nzima.

Saa 3:45 asubuhi

Nilinusa harufu kabla sijaiona pikapu. Harufu ya breki zilizoungua huijui mpaka uinuse, ukishainusa huisahau. Mzee mmoja mstaafu ameteremka nayo kutoka Subukia, rimu za mbele zinafuka, na anasema gari "limekuwa zito kidogo". Kusema kweli nilitaka kumgombeza, lakini ni mzee wa umri wa baba yangu.

"Shikamoo, mzee. Umegusa nini?"

Huyu hakuficha. Aliona oili ya breki imepungua, akajaza. Alijaza nini? Akanionyesha chupa: oili ya stelingi. Nusu glasi tu, alisema, ili isikauke.

Nilifungua kifuniko cha kichupa cha breki nikamwita kijana wangu aje aone, kwa sababu jambo hili nataka alikumbuke hata nikifa. Chini ya kile kifuniko kuna kimpira chembamba. Kilikuwa kimevimba, kimejikunja kingo kama chapati iliyoachwa juani, na nilipojaribu kukirudisha mahali pake hakikuingia. Oili ya breki na oili ya stelingi si ndugu. Mipira ya breki imetengenezwa ikae ndani ya aina moja, na ukiiwekea mafuta ya jamii ya petroli, kama hiyo oili ya stelingi, inavimba. Kama cha juu kimevimba hivi, vya ndani ya masta silinda, ile pampu ya breki, na kalipa zinazobana padi viko vivyo hivyo: vinashika breki na kukataa kuachia. Ndiyo sababu gari likawa zito. Baadaye mipira hiyo hulegea na kuvuja, na hapo kanyagio hufika chini bila kukutana na kitu.

Kuosha hakutoshi. Kila penye mpira panafunguliwa: masta silinda, kalipa zote mbili, silinda za magurudumu ya nyuma, paipu za mpira, halafu mfumo mzima unasafishwa. Nilipomtajia jumla mzee alikaa kwenye tairi kuukuu akanyamaza muda mrefu.

Na jambo linaloniuma ni kwamba hakuhitaji kujaza chochote. Padi zake zilikuwa zimeisha. Padi zikiliwa, pistoni husogea mbele, na oili hushuka kwenye kichupa kufuata nafasi ile. Oili iliyoshuka bila kuvuja popote mara nyingi inakwambia uangalie padi. Padi za pikapu ile si bei ya kumkalisha mtu juu ya tairi.

Tulikubaliana alipe kwa awamu. Pikapu haitoki hapa mpaka niijaribu mwenyewe.

Saa 6:30 mchana

Chapati na maharagwe kwenye kibanda cha nje, mkono mmoja una kijiko, mwingine una simu. Anayepiga amekwama baada ya Salgaa, akipanda kuelekea Mau Summit, mshale wa joto umefika juu. Anataka kufungua kifuniko cha rejeta aongeze maji.

"Usifungue!" Watu wa kibanda wote wakageuka.

Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji ya sufuria huchemka kwenye digrii kama 94. Huko aliko yanachemka mapema zaidi. Ndani ya rejeta hayachemki mapema hivyo kwa sababu kifuniko kinayabana kwa presha. Yanaweza kupita digrii 110 yakiwa bado maji. Ukifungua, presha inatoka, sehemu ya maji inageuka mvuke kwa mara moja, na mvuke na maji ya moto vinakurukia usoni.

"Haya, umegusa nini?"

Jana alimwaga kulanti, ile dawa ya kupoza injini, akaweka maji ya mfereji, na alipokuwa hapo akatoa na thamostati. Aliambiwa ni ya nchi za baridi. Nakuru nimetoka nyumbani na sweta mbili! Thamostati ndiyo inayoiacha injini ipate joto lake haraka na kulishika. Bila hiyo, kwenye barabara tambarare kompyuta hudhani injini bado haijapata moto na kuendelea kumwaga petroli. Lakini kilichompata mlimani naona ni hewa iliyobaki ndani alipojaza. Nikamwambia azime, akae mbali, asubiri saa nzima, halafu afungue kwa kitambaa kinene, ajaze polepole huku hita ya ndani ikiwa imefunguliwa upande wa moto ili hewa ipate njia ya kutoka. Chapati ikawa imepoa.

Saa 8:15 mchana

Mteja ninayempenda kuliko wote ni muuguzi mwenye Demio. Huja kabla ya kugusa. Ana daftari lenye tarehe, kilomita, na aina ya oili aliyoweka. Akifungua kitu, bolti anazipanga kwenye trei ya mayai kwa mpangilio aliozitoa. Niliwahi kumwambia kijana wangu amwige huyo mama, akanuna siku mbili.

Leo amekuja na shoki mbili mpya kwenye buti. Amebadilisha mwenyewe oili, plagi, filta za hewa na padi za mbele. Anauliza kama shoki atazimudu.

"Hapana, dada. Hizi nipe mimi."

"Kwa nini? Padi nilimudu."

Namwonyesha springi. Pale ilipo imebanwa na uzito wa gari na nati moja ya juu. Ukifungua ile nati ya katikati bila vifaa vya kuibana, inaruka, na inaporuka haichagui kidevu cha mtu. Kifaa cha kubana ninacho, lakini hata mimi nikikitumia sielekezi uso juu yake. Kwa mtu anayebadilisha shoki mara moja kwa miaka mitano, kununua kifaa hicho ni kujitafutia hasara, na cha bei rahisi kikipinda ndiyo hatari yenyewe.

Akauliza mpaka uko wapi basi, maana kila mara namkubalia hili na kumkataza lile. Mimi huangalia jambo moja: ukikosea, gari litakataa kuwaka au litakataa kusimama? Likikataa kuwaka utaniita, tutacheka. Filta, betri, balbu, plagi, jaribu tu. Breki kwa yeye nilimkubalia kwa sababu alikuja nikamwangalia akifanya upande mmoja mbele yangu, na ana spana ya torki, ile inayopima umekaza kiasi gani. Mikoba ya hewa ya usukani sitaki hata aifikirie. Hapo mimi mwenyewe natoa waya wa betri na kwenda kunywa maji kwanza, umeme uliobaki uishe.

Akashika tochi hadi mwisho. Maswali yake ni makali kuliko ya kijana wangu. Baada ya hapo nikampeleka akapimwe magurudumu, kwa sababu shoki zikitoka na kurudi, matairi hayabaki yameangalia mahali palepale.

Saa 11:50 jioni

Jioni ilikuwa ya kawaida. Betri mbili, mkanda mmoja, na jamaa mmoja aliyeleta gari likiwa limefunguliwa nusu, sehemu nyingine zikiwa kwenye ndoo. Hao hulipa zaidi, kwa sababu kuunganisha gari ambalo hukulifungua ni kusoma barua iliyochanwa. Nilimwambia aache ndoo, kesho tutaanza nayo.

Nanawa mikono kwa sabuni ya unga na mchanga kidogo. Kucha haziishi weusi, mke wangu alishakata tamaa. Vumbi limepanda na upepo wa jioni. Wanasema jina Nakuru lilitokana na vumbi, kwa Kimaasai, na anayesafisha filta za hewa mji huu hana la kubisha.

Saa 3:10 usiku

Simu imelia nikiwa nimeshalala nusu. Ni mhasibu wa asubuhi. Ametuma picha: kiganja, na katikati yake bolti moja ndogo, kichwa cha spana namba kumi, na washa yake.

"Fundi, hii ni ya wapi?"

Nikaikuza picha. Nikaigeuza. Haikuwa ya mpira tuliobadilisha asubuhi, ule una vibanio tu. Nikamwandikia: "Usiwashe gari. Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu."

Kisha simu ikaonyesha anaandika. Akaacha. Akaanza tena.