Kuiba besi: pima kwanza, ndipo ukimbie

Katika besiboli, kijana mwenye mbio kali anaweza kuitia timu yake hasara kubwa akiiba besi ovyo, yaani akikimbilia besi inayofuata bila kungoja mpira upigwe. Chukua hali ya kawaida: yuko besi ya kwanza, hakuna auti (mchezaji wa timu yake aliyetolewa). Kwa wastani wa ligi kuu ya Marekani, hapo timu hutarajia mikimbio (pointi) 0.86 hivi hadi zamu yake ya kupiga iishe. Akifika ya pili salama, inakuwa 1.10. Akinaswa, inaporomoka hadi 0.26. Anachopata ni 0.24, anachopoteza ni 0.60. Kwa hiyo asipofaulu zaidi ya mara 7 katika 10, heri abaki alipo. Kuiba ya tatu kukiwa na auti mbili ndiko sikupendi kabisa: kunadai karibu mara 9 katika 10, na kutoka ya pili angeweza kufika nyumbani, yaani kupata mkimbio, kwa pigo moja zuri.

Makocha wenzangu wa Uganda, saa ya simu inatosha. Pima mrushaji, anayemtupia mpigaji mpira, tangu anapoanza kujongea hadi mpira uingie glavu ya mdakaji aliye nyuma ya mpigaji, kisha tangu hapo hadi glavu ya anayelinda besi ya pili. Kwa wachezaji wa kulipwa ni kama sekunde 1.3 na 2.0, jumla 3.3. Mpime na mkimbiaji wako, akianzia pale anapojitanguliza hatua chache mbele ya besi na kumalizia kwa kujitupa chini na kuteleza hadi besi ya pili. Nyakati zikilingana, usimtume. Msubiri mrushaji anayechelewa kurusha.

Wengi huchelewa kuondoka kwa sababu wanamtazama mrushaji usoni. Kwa anayetumia mkono wa kulia, tazama visigino. Cha kulia kikiinuka kwanza, mpira unaletwa besi yako: rudi upesi. Cha kushoto kikitangulia, mpira unakwenda kwa mpigaji: ondoka. Kwenye murram iliyolegea, hatua ya kwanza huteleza, basi kwangua kokoto chini ya mguu kabla. Anza kuteleza mita 3 hivi kabla ya besi. Ukikawia unaigonga kwa kifundo, na vifundo huumia hivyo.

Kwa watoto hesabu ni nyingine. Katika daraja la Little League, besiboli ya watoto, walilocheza watoto wa Lugazi kule Williamsport, Marekani, mwaka 2012, mkimbiaji haruhusiwi kuiacha besi mpaka mpira umfikie mpigaji. Kasi ya mrushaji haiingii tena. Kilichobaki ni mkono wa mdakaji na mita 18.3 kati ya besi na besi. Wafundishe kuukodolea macho mpira unaodunda mbele ya mdakaji, na waondoke papo hapo ukimponyoka.