Nilivyopima sauti ya deki sebuleni na kuipunguza bila Baba kukosa muziki wake

Baba yangu ana deki ya kuchezea sidii na dividii, ameiunganisha na sabufa yenye spika mbili ndogo, na sebule yao ya Morogoro haikosi wajukuu jioni. Masikio yake yameanza kuwa mazito, kwa hiyo huongeza sauti, nao watoto hukaa kwenye mkeka karibu kabisa na spika. Mama aliponiomba niangalie kama kelele zile zina madhara, nilianza na vitu viwili vilivyokuwapo: kitabu cha maelekezo cha deki na kibandiko kilichoko nyuma ya sabufa.

Kitabu kilieleza kwamba deki hutoa masafa ya hezi 20 hadi 20,000 (hezi ni mitetemo kwa sekunde), kwamba uwiano wa muziki na kelele za mtambo ni zaidi ya desibeli 95 (desibeli ni kizio cha kulinganisha nguvu za sauti), na kwamba umeme wa sauti kwenye matundu ya nyuma ni volti 2. Kurasa chache mbele palikuwa na onyo kuwa kusikiliza sauti ya desibeli 85 au zaidi kwa muda mrefu huharibu masikio. Kaka yangu, aliyesoma sehemu zote mbili kwa haraka, alihitimisha kwamba chombo kimevuka mpaka wa hatari tangu kilipotoka kiwandani, na nadhani si yeye peke yake anayezisoma tarakimu hizo namna hiyo.

Desibeli 95 za ukurasa wa vipimo hazizungumzii ukubwa wa sauti chumbani. Zinaonyesha jinsi muziki wenye nguvu kabisa unavyouzidi ule mchakacho hafifu unaotoka kwenye mtambo wenyewe wakati wimbo umenyamaza. Sidii huhifadhi sauti kwa sampuli 44,100 kila sekunde, yaani vipimo vidogo vya sauti, kila sampuli ikiandikwa kwa biti 16 (tarakimu za 0 au 1), na kwa kuwa kila biti huongeza takriban desibeli 6, upana wote unafika karibu desibeli 96. Tarakimu ikiwa kubwa, muziki ni safi zaidi, basi. Deki hiyo hiyo inaweza kusikilizwa kwa mnong'ono au kwa kishindo cha kutikisa vioo. Kibandiko cha leza ya daraja la 1 nilikiruka, kwa sababu kinahusu macho.

Upande wa sabufa ulinichekesha zaidi. Boksi lilitangaza wati 8,000 za PMPO, yaani nguvu ya kilele cha papo hapo inayotumiwa kwenye matangazo, ilhali kibandiko cha nyuma kilisema chombo kinatumia umeme wa volti 220 hadi 240, hezi 50, wati 60. Chombo kinachokula wati 60 hakiwezi kutoa maelfu ya wati mfululizo, na anayetaka kujua uwezo halisi atafute wati zilizoandikwa RMS, yaani nguvu inayoweza kutolewa mfululizo. Hata hivyo hizo nazo hazikulinda sikio, maana spika ya kawaida ya nyumbani hutoa takriban desibeli 85 hadi 90 kwa umbali wa mita moja ikipewa wati moja tu. Jibu lilikuwa pale walipokaa watu, si kwenye karatasi.

Niliweka programu ya kupimia sauti kwenye simu yangu na nyingine kwenye simu ya kaka, nikaziweka pamoja, na zilipotofautiana kidogo nilifuata iliyosoma juu. Nilichagua kipimo cha wastani wa dakika kadhaa, kwa sababu tarakimu inayorukaruka kwenye kioo huvutia macho lakini haisemi sikio limepokea nini kwa jumla. Baba akaweka muziki wake kama kawaida. Kwenye kiti chake simu ilisoma desibeli 78. Mkekani, ilisoma 84.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unampa mtu mzima saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80, na mtoto saa hizo hizo kwenye desibeli 75. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda unapungua kwa nusu. Kwa hesabu hiyo Baba, niliyekuja kwa ajili ya sauti zake, alikuwa salama. Watoto walibakiwa na saa 5 kwa wiki, ambazo katika nyumba ile huisha kabla ya Ijumaa.

Kumwambia mzee apunguze sauti asiyoisikia vizuri kusingefaa, na wala sikujaribu. Nilinunua waya mrefu wa spika, nikahamishia zile spika mbili ndogo pembeni mwa kiti chake, moja kila upande, nikiangalia wekundu uingie kwenye wekundu na weusi kwenye weusi, kwa sababu spika moja ikigeuzwa besi hupotea. Sabufa ilibaki mahali pake. Mkeka nao ukaenda upande wa dirishani. Kisha nikapunguza sauti taratibu huku nikimuuliza, "Baba, maneno unayasikia?" mpaka aliposema, "Hapo hapo, acha." Kitini simu ilisoma desibeli 76, mkekani 69, na pale kitufe kilipofikia nikabandika kipande kidogo cha plasta nyeupe.

Alama hiyo haitoshi kwa diski zote. Nyimbo zake za dansi za miaka ya 1970, zilizohamishwa kutoka kwenye kanda za redio, zimerekodiwa kwa sauti ya chini kuliko diski za siku hizi, ambazo hubanwa ili zisikike kubwa mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo diski mpya inapoingia, kitufe hurudishwa chini kwanza. Kwa filamu, ambazo mazungumzo yake hunong'ona na milipuko yake hushtua, niliwasha kwenye menyu ya deki ile sehemu ya kubana tofauti ya sauti, ambayo wengi huiacha imezimwa. Sasa Baba haongezi sauti ili apate maneno.

Lililobaki ni hedifoni, ambazo mpwa wangu huchomeka kwenye tundu la mbele la deki. Simu haiwezi kupima kwa uhakika kinachoingia ndani ya sikio, kwa hiyo hapo tunafuata kanuni mbili: kitufe kianzie sifuri kabla hedifoni hazijavaliwa, kisha kisivuke asilimia 60, na asiongeze sauti wakati wimbo umetulia, kwa maana ngoma zikiingia ghafla mkono hauwahi kurudi. Mlio wowote unaobaki masikioni baada ya kuzivua, siku hiyo hazivaliwi tena.