Gitaa langu na breki ya baiskeli, Kagera 1978

Afande mmoja aliniambia askari aliye mstari wa mbele anaimbiwa vita, basi. Nikamtii wiki mbili nzima, na wiki mbili nzima watu walikuwa wakijigeuza upande wa pili wanalala.

Mimi ni mtu wa Morogoro, mgambo. Mwalimu Nyerere aliposema Novemba 2 kwamba sababu ya kumpiga Idi Amin tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, nikafungasha na gitaa langu kavu, la shilingi mia na ushei. Nilivyolipenyeza kwenye lori ni hadithi nyingine, tufike Kyaka, kwenye mto Kagera.

Mvua ya Kagera haina adabu. Gundi iliachia, ubavu wa gitaa ukafunguka kama mdomo wa kambare. Akaja mjuaji, maana kila kombania inaye wake, akasema: utomvu wa fenesi! Kama ulimbo unanasa ndege, mbao itatokea wapi? Tukakata fenesi bichi, tukachuruzisha utomvu kwenye kikombe cha bati. Nikapaka, nikalibana gitaa kwa mapaja ili lishike. Lilishika kweli. Ghafla ikaitwa fola, watu wajipange, nikasimama, gitaa nalo likasimama na mimi, limenata kwenye suruali. Nikafika mstarini nachechemea, gitaa linaning'inia pajani. Afande akaniangalia juu mpaka chini, akauliza, "Na hiyo ni silaha gani?" Utomvu ule hautoki kwa maji wala sabuni, ni mafuta ya kula tu, na mafuta yalikuwa ya mpishi. Nilimenya ndizi zake siku tatu.

Kilichofaa ni mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Unakata ukanda mwembamba, unauvuta mpaka ulie, unauzungusha gitaa. Sauti inafifia kidogo, lakini huko mbele nani anataka makelele? Mimi hata soksi nilikuwa naijaza tunduni. Baiskeli yenyewe tuliikuta imeegemezwa kwenye mgomba, wenyewe wamekimbia. Uzi mwembamba wa gitaa ulipokatika, nikairudia ileile, nikachomoa waya wa breki na kuufumua. Ndani mna nyuzi zimesokotwa. Uzi mmoja wake, ukiusugua grisi kwa mchanga, unachana vidole lakini unalia kushinda wa dukani. Waya wa simu za jeshi usijaribu. Unavutika kama tambi, na mafundi mitambo watakutafuta.

Haya, nyimbo. Vita mtu alikuwa anaisikia kutwa, redioni na kwa masikio yake. Usiku handakini anataka jina la mkewe. Nikatunga wimbo mmoja, mmoja tu, nikaacha nafasi ya jina na nafasi ya kwao. Leo Mariamu wa Nzega, kesho Tabu wa Masasi, malipo sigara moja. Kila mtu aliamini ametungiwa yeye peke yake! Ila ukiwa na Mariamu wawili, tanguliza kijiji. Mimi nilianza na jina, waume wawili wakainuka pamoja, kila mmoja anataka kujua mwenzake kamjulia wapi.

Januari redio ikatangaza kwamba mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe amefariki kwa ajali ya gari Mombasa. Sisi vijana wa Morogoro yule ndiye aliyetushikisha magitaa. Usiku ule hakuna aliyetaja Mariamu wala Tabu, wote walitaka nyimbo zake. Sauti ilinigomea, nikapiga solo tupu bila maneno. Nilikosea mara tatu au nne, na wale jamaa waliozoea kunizomea walikaa kimya. Siku chache baadaye tukaingia Mutukula, mpakani upande wa Uganda. Ya huko wataeleza wenye vifua.

Tuliporudi 1979 watu wa Kyaka walikuwa wamesharejea, wanajenga, wanatupungia mikono barabarani. Wenzangu wakaniambia nitoe gitaa niwapigie. Nilikataa katakata, nikalifunika kwa blanketi mpaka Bukoba, asije mtu akaitambua breki yake.