Siku moja maishani mwangu: chupa inayovuja na kidato cha pili

Saa 11:30 alfajiri. Maji ya chai yako jikoni, nami natoboa kitako cha chupa ya plastiki kwa sindano ya moto. Matone 20 yanadondoka kwa sekunde 13. Yana haraka mno. Nakaza kifuniko cha juu ili hewa iingie kwa shida, nahesabu upya: matone 20, sekunde 20. Hiyo ndiyo saa yetu ya leo katika somo la fizikia: tone moja kila sekunde. Galileo, mwanasayansi wa zamani wa Italia, naye alipima muda kwa maji yaliyochuruzika, akayatia kwenye mizani.

Saa 1:30. Mstarini. Usafi, matangazo ya mwalimu wa zamu, madarasani.

Saa 2:00. Fizikia, vipindi viwili mfululizo. Sianzi na fomula. Nachora mstari mmoja ubaoni na kuuita reli ya SGR, ile ya kisasa ya umeme: Dar es Salaam 0, kisha Soga, Ruvu, Ngerengere, na sisi Morogoro karibu kilomita 200. Reli ina kona zake, lakini treni haina njia ya pembeni. Ni kwenda au kurudi tu. Kwa hiyo namba moja yatosha kusema iko wapi. Mwendo wa mstari mmoja maana yake ni hiyo.

“Mwalimu, kwa nini sifuri iwe Dar? Si tuko Moro?”

Nafurahi mno. Nafuta, naihamishia sifuri Morogoro. Namba zote zinabadilika, treni iko palepale. Sifuri tunaichagua sisi, na upande wa chanya vilevile. Mwanafunzi asiposhika hili siku ya kwanza, fomula zote zitakazofuata atazikariri tu.

Saa 2:40. Tunatoka koridoni. Msichana mmoja anashika chupa na kutembea taratibu, mwendo usiobadilika. Wenzake wanafuata wakizungushia kila tone duara la chaki kabla halijakauka. Tunapima kwa tepu ya fundi cherehani: sentimita 78, 80, 79, 81. Mara ya pili anaanza polepole zaidi na kuongeza mwendo: 40, 65, 92, 118. Nawaachia waitazame sakafu. Wenyewe wanatoa kila namba kwenye inayoifuata: 25, 27, 26. Kila sekunde spidi yake inapanda kwa karibu kiasi kilekile. Ndipo nalitaja neno mchapuko, likiwa tayari na kitu cha kushikilia. (Tunatembea mwendo mfupi, maana chupa ikipungua maji matone huchelewa.)

Mara ya tatu anakwenda mita 6, anageuka, anarudi alipoanzia. Umbali mita 12, uhamisho (kutoka alipoanzia hadi alipoishia) sifuri. Kijana mmoja kachuchumaa, anaangalia madoa.

“Mwalimu, matone hayasemi alikuwa anakwenda au anarudi.”

Sikuwa nimeliandaa hilo. Nafasi kati ya matone inatupa spidi peke yake. Mwelekeo inabidi tuuandike wenyewe. Tunaweka alama ya kujumlisha kwenye matone ya kwenda na ya kutoa kwenye ya kurudi. Spidi iliyobeba alama hiyo ndiyo velositi.

Saa 4:00. Chai na chapati, huku napitia madaftari. Wengi wameandika kwamba velositi hasi ni kupunguza mwendo. Nawaelewa. Katika Kiswahili chetu cha kila siku, hasi ni kitu kibaya au kilichopungua. Kisha somo lenyewe na mtihani wake ni kwa Kiingereza. Naandika mfano wa kesho: sifuri Dar, chanya kuelekea Morogoro. Treni inayorudi Dar kwa kilomita 160 kwa saa ina velositi ya hasi 160, na haijapunguza chochote. Baiskeli inayojikokota kuja Morogoro ina velositi chanya.

Saa 6:00. Kidato cha kwanza, vipimo. Kinapita salama.

Saa 8:40. Kengele ya kutoka. Kijana wa madoa ananisubiri chini ya mwembe, ana chungwa mkononi. Analirusha juu, analidaka.

“Pale juu kabisa, velositi ni sifuri. Mchapuko nao si sifuri?”

“Ungekuwa sifuri, chungwa lingefanya nini baada ya kusimama?”

Anafikiri. “Lingebaki hukohuko.”

“Limebaki?”

Hanijibu. Analirusha tena, kwa nguvu zaidi, na safari hii anasahau kulidaka. Macho yake yamebaki pale juu.